Goti bandia: mguu unyooke, au urudi kama ulivyokuwa?

Mgonjwa wa atrozi ya goti hapa Lubumbashi anapofikia hatua ya kuambiwa kwamba gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, imelika hadi mfupa unasaga mfupa, na kwamba dawa iliyobaki ni goti bandia, familia huuliza mambo mawili. La kwanza ni bei. La pili: "Munganga, mguu wa mama utanyooka?" Kwa miaka mingi jibu la pili lilikuwa jepesi: utanyooka. Siku hizi wapo madaktari wa mifupa wanaosema si lazima unyooke, na kwamba kuulazimisha huenda kukaleta shida nyingine. Pande zote mbili zina hoja, ila hoja hizo zikifika Katanga hazina uzito ule ule zilizo nao Ulaya au Marekani.

Njia ya zamani ilishika mizizi miaka ya 1970, kwa kazi ya akina John Insall wa New York na Michael Freeman wa London. Unavuta mstari kutoka katikati ya kichwa cha nyonga hadi katikati ya kifundo cha mguu, nao lazima upite katikati ya goti, kama mwashi anavyoshusha timazi. Mfupa wa paja na wa ugoko hukatwa kwa pembe mraba na mstari huo. Mguu ukitoka na digrii 180, kazi imekamilika. Ukipotoka digrii 3 huku au kule, unavumiliwa. Sababu yake ni ya kiufundi kabisa: uzito wa mwili ukielemea upande mmoja, plastiki ya kiungo italika upande huo na saruji inayokishikiza kwenye mfupa itaachia. Kwa plastiki za enzi hizo, hofu hiyo haikuwa ya bure.

Tatizo ni kwamba watu hawakuzaliwa na timazi. Mwaka 2012 Johan Bellemans na wenzake huko Ubelgiji walipima vijana wazima 250, wasio na ugonjwa wowote wa goti: asilimia 32 ya wanaume na asilimia 17 ya wanawake walikuwa na tege, yaani goti lililopinda kwenda nje, la digrii 3 au zaidi. Mtu wa namna hiyo akinyooshwa, kano za upande wa ndani wa goti lake zitalegezwa kwa kisu ili zikubali umbo jipya. Picha inatoka safi, lakini yeye anatembea akilalamika kwamba goti si lake. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2010 ulionyesha kuwa karibu mgonjwa mmoja kati ya watano hakuridhika na goti bandia. Si wote walikosa kuridhika kwa sababu ya mpangilio wa mguu, lakini hapo ndipo wengi walianza kutafuta.

Mtetezi mkuu wa njia mpya ni Stephen Howell wa California, aliyeianza katikati ya miaka ya 2000. Yeye anataka kiungo kikae pale pale goti lilipokuwa kabla ya kuugua, na kano zisiguswe. Hesabu yake ni ya fundi. Kama chuma kina unene wa milimita 8, gegedu iliyolika ilikuwa milimita 2, na msumeno wenyewe unakula milimita 1, basi kipande cha mfupa kinachotoka upande ulioliwa kisome milimita 5. Kinapimwa kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene ambacho fundi yeyote wa karakana za migodi anakijua. Ajabu ni hiyo: njia inayosifiwa kuwa ya kisasa inaweza kufanyika bila roboti wala kompyuta.

Ushahidi haujamaliza ubishi. Mwaka 2014 kundi la Dossett huko Arizona liliripoti kuwa baada ya miaka miwili wagonjwa wa njia mpya maumivu yao yalikuwa yamepungua zaidi na walikunja goti vizuri zaidi. Mwaka 2017 wenzao wa New Zealand walilinganisha wagonjwa 99 na hawakuona tofauti. Mayo Clinic, hospitali kubwa ya Marekani, ilikuwa imeshafuatilia magoti 398 kwa miaka 15, ikakuta kwamba yale yaliyotoka nje ya zile digrii 3 hayakuharibika zaidi ya mengine. Watetezi wa njia mpya hupenda kuutaja utafiti huo. Mimi nauchukua kwa tahadhari: magoti yale yalipotoka kwa bahati mbaya, hakuna aliyekusudia kuyaacha hivyo.

Sasa tuje kwetu. Wagonjwa wengi hufika wamechelewa sana, baada ya miaka ya vidonge vya sokoni na dawa za kuchua, na kilicholika si gegedu tena bali mfupa wenyewe. Kalipa itapima kuanzia wapi? Halafu si kila tege ni la kuzaliwa. Mwingine alipata matege utotoni kwa ukosefu wa vitamini D, mwingine alivunjika ugoko kwa ajali ya pikipiki ukaunga kombo. Kumrudishia huyu "umbo lake la asili" ni kumrudishia jeraha. Tena goti likiachia, nani atalifungua upya? Aliyepasuliwa India au Afrika Kusini atatafuta viza, tiketi na pesa nyingine.

Ndiyo maana mimi naegemea njia ya kati, ile ya Pascal-André Vendittoli wa Montréal: fuata maumbile ya mgonjwa, lakini mguu mzima usizidi digrii 3 kutoka kwenye unyoofu, na mkato wowote wa mfupa usizidi digrii 5 kutoka kwenye pembe mraba. Mwenye tege dogo la kuzaliwa analindwa. Mwenye mguu uliopinda vibaya hapelekwi mahali ambapo bado hatujui chuma kitadumu vipi.

Lakini mipaka hiyo haina maana bila radio, yaani picha ya eksirei, ya mguu mzima, kuanzia nyonga hadi kifundo, mgonjwa akiwa amesimama. Filamu fupi ya goti peke yake, tena mgonjwa akiwa amelala, haionyeshi nyonga, na mstari wote unabaki wa kukisia. Hiyo ndiyo picha familia inapaswa kuidai kabla ya kuulizia jina la njia. Na kama daktari aliyepo ameshanyoosha mamia ya magoti kwa njia ya zamani, ningempa yeye goti la mama lililopinda digrii 20 kuliko kumpa anayejaribu njia mpya kwa mara ya kwanza.