Probu ikae kando ya kitanda cha dayalisisi

Watu wa nyumbani Kenya wakisikia habari za hospitali za huku Uingereza hudhani siri ni mashine. Sikubaliani nao. Kutafuta damu iliyoganda kwenye vena za mgonjwa wa dayalisisi (anayesafishwa damu kwa mashine) kunataka probu, yaani kishikio cha ultrasaundi kinachogusa ngozi, yenye uso bapa, ya megahezi 7 kwenda juu, jeli, na mkono uliozoea. Vifaa hivyo Kisumu na Nakuru vipo. Ila huku troli ya ultrasaundi husukumwa hadi kitandani, na kwetu mara nyingi mgonjwa aliyetoka Bondo mkono umemvimba huandikiwa fomu, apange foleni chumba cha picha au akajilipie nje.

Kipimo chenyewe hakina miujiza. Elekeza probu ikate vena kwa upana, kisha bonyeza taratibu. Vena nzima hufumba kabisa. Yenye bonge hugoma. Usingoje kuliona bonge lenyewe, kwani likiwa bichi huonekana jeusi kwenye skrini sawa na damu, na asiyebonyeza ataandika kwamba hakuna kitu. Shingoni, kwapani, kinenani na nyuma ya goti panabonyezeka. Chini ya mtulinga mfupa hukuzuia, na ndiko katheta za zamani, mirija ya dayalisisi iliyoingizwa venani, huacha makovu. Hapo washa Dopla, inayoonyesha damu inavyotiririka, linganisha pande mbili: mtiririko usiofuata pumzi hukutilia shaka kwamba njia imeziba au imesinyaa karibu na kifua. Mkono wenye fistula (ateri na vena zilizounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya dayalisisi) huvuruga hesabu hiyo, maana damu hupita kwa kasi mfululizo.

Fistula yenyewe ipapase kwa probu, usiikandamize. Pima mtiririko kwenye ateri ya juu ya kiwiko. Ukishuka chini ya mililita 500 kwa dakika, tafuta palipobana. Pembe ya Dopla isizidi digrii 60, la sivyo kasi utakayosoma ni ya uongo (kosa hili huku pia lipo, tena sana).

Kuna jambo moja ambalo kwetu tuna nafuu: mgonjwa hasindikizwi na teksi tu, huja na mtoto au shangazi. Huyo afundishwe kugusa fistula kila asubuhi, asikie mtetemo wa damu inayopita. Wengi kwetu huingia mashine mara mbili kwa wiki, huku ni mara tatu, kwa hiyo mtetemo unaweza kupotea siku kadhaa kabla muuguzi hajaugusa mkono. Ukipotea, waende siku hiyohiyo, wasingoje zamu. Baada ya siku mbili hivi bonge huanza kushikamana na ukuta wa mshipa, kulitoa kunakuwa kugumu, na mgonjwa hurudishiwa katheta shingoni.