Bajeti ya Harusi, Kichwa Chini

Laptopu ya Mwalimu ilikuwa na kasoro moja tu: haikuwa na kioo. Mjukuu aliikalia. Mengine yote salama, betri inashika chaji, mfumo wake wa Linux umetulia, na bajeti ya kamati ya harusi imo ndani ikingoja mtu wa kuisoma.

Kioo cha aina ile hapa Kondele, Kisumu, hakuna, mjini hakuna, na yule muuzaji wa Luthuli Avenue kule Nairobi aliyeniapia kwa simu kwamba "ni kilekile, fundi" alinitumia ndugu yake wa kambo. Ukubwa uleule, pini 30 zilezile, ila soketi ya kebo imekaa ukingo wa juu badala ya wa chini. Na kebo ya kioo ni fupi, haina mzaha. Ukikisimamisha kioo wima, kebo inaishia hewani. Ukikipindua, inaingia ndi!

Nikakipindua. Mteja analipia picha. Mkao wa kioo ni siri ya fundi.

Picha nayo si itakuwa kichwa chini? Ndiyo, na hapo ndipo unapozungumza na kerneli, kiini cha Linux kinachoendesha vifaa. Laptopu nyingi za Intel zina BIOS, programu iliyo kwenye ubao wa mashine, ya kuiambia kerneli nini kimefungwa wapi. Hii ya Mwalimu ni ya chipu ya ARM, na katika ukoo huo mara nyingi kerneli hupewa faili linaloitwa devicetree, lenye kila kifaa, umeme kinaotumia, taa ya nyuma, na jina la mtengenezaji likifuatwa na mkato na modeli. Kioo chenyewe kina kitambulisho, EDID, ambacho sehemu yake ya msingi ni baiti 128 za kutaja kiwanda na vipimo vya picha. Baiti zote hizo hazisemi fundi wa Kondele amekifunga mkao gani. Hilo unalisema mwenyewe kwenye devicetree, mstari mmoja tu wa kutaja kimezungushwa nyuzi ngapi:

rotation = <180>;

Kanuni za kerneli zinakubali 0, 90, 180 na 270, basi. Hakuna 45, hata kama meza yako imelegea mguu. Na wanaozitunga wanasisitiza jambo ninalolipenda sana: devicetree inaeleza chuma kilivyo, si vile mtu anavyotamani kiwe. Chuma changu kilikuwa kichwa chini, nikaandika kichwa chini. Nionyesheni uongo uko wapi.

Nikawasha. Nembo ikatokea juu chini, kwa sababu hiyo huchorwa na programu ya kuwashia, nayo haikuusoma mstari wangu. Mwalimu akakohoa.

"Inaamka, Mwalimu. Hata wewe ukiamka husimami papo hapo."

Mara kerneli ikashika usukani, picha ikasimama wima, Mwalimu akatabasamu. Likabaki neno dogo. Kioo kile ni cha aina iitwayo TN, na kioo cha TN ukikitazama kutokea chini rangi hugeuka, nyeupe inakuwa nyeusi. Nilipokipindua, chini yake ikawa juu. Mjukuu, kwa kimo chake, aliona picha safi kabisa. Mwalimu, ambaye huinama kila mlango, alimwona bibi harusi ana meno meusi.

"Utumie kigoda," nikamshauri.

"Kigoda?"

"Hata mgongo utakushukuru, Mwalimu."

Akakubali. Walimu wa zamani wanaheshimu maelekezo, na kwa muda wote uliofuata katibu wa kamati alifanya kazi magoti yakiwa usawa wa masikio.

Mkutano mkubwa ulikuwa Jumamosi, nyumbani kwake Mamboleo. Ijumaa usiku laptopu ikajisasisha yenyewe. Kerneli mpya hushuka na devicetree yake iliyopikwa na watu wa mbali, ambao habari za kebo yangu hazijawafikia. Mstari wangu ukafunikwa na faili lao. Asubuhi simu ikalia.

"Fundi, hii kitu imelala kichwa chini. Wajomba wa bwana harusi wamefika kutoka Kakamega, stima imepotea, TV haiwaki. Kuja mbio."

Nikapanda boda. Nilipoingia sebuleni nikamkuta Mwalimu ameshajitatulia. Alikuwa ameipindua laptopu nzima: ukingo wa juu wa kioo mezani, kibodi ikining'inia juu yake. Picha wima, rangi safi ajabu, maana kioo sasa kilikaa jinsi kiwanda kilivyokusudia. Kigoda kilikuwa kimetupwa pembeni.

"Fundi, leo ndiyo umeitengeneza!"

Nikaomba dakika kumi nirudishe mstari wangu. Mwenyekiti akakataa. Chai ilikuwa imeshanywewa, akasema, na watu wa Kakamega wana safari.

Basi Mwalimu akaanza kuandika. Alipitisha mikono chini ya kibodi akipapasa juu kama anayekamua ng'ombe. Kipanya cha waya kilikuwa mezani, kwa hivyo kuhama mistari hakukumsumbua. Tatizo lilikuwa vidole. Mwalimu alijifunzia kwenye taipureta, haangalii vitufe, na laptopu ikipinduliwa kushoto kunakuwa kulia. Kidole kilichoifuata 1 kilipata 0. Kilichoifuata 2 kilipata 9, cha 3 kikapata 8, cha 5 kikapata 6.

"Tenti na viti, elfu thelathini na tano," akaamuru mwenyekiti.

Tik, tik, tik. Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Tenti na viti... elfu themanini na sita, mia moja kumi na moja."

Mjomba mkubwa wa Kakamega akauliza kwa upole kama hiyo tenti ina vyumba vya kulala. Mwalimu akatafuta kitufe cha kufuta, akafikia kona nyingine kabisa. Akasema tuendelee, atasahihisha baadaye.

"Keki, elfu ishirini."

Tik, tik, tik. 91111.

Shangazi ya bibi harusi akasimama hapohapo. "Nimeafiki."

"Dada, hiyo ni kibodi tu ime..."

"Mwenyekiti, nimeafiki. Na anayeniunga mkono ainue wake."

Mikono ikainuka upande wote wa dirishani. Yawa! Kule chini jumla ilikuwa inajihesabu yenyewe, 177222 kwa vitu viwili, na ng'ombe wa kuchinja hajatajwa. Wajomba wakaanza kuongea Kiluhya kwa kasi. Mwenyekiti akanigeukia mimi, ambaye kosa langu lilikuwa kusema ukweli kwenye faili.

Nikawaeleza habari za kushoto na kulia. Hakuna aliyeelewa. Nikaona nitumie mfano wa macho: nikaichukua laptopu, nikaikalisha mezani inavyotakiwa, kibodi chini, ili waone vitufe viko wapi. Picha, bila shaka, ikawa juu chini.

Mjomba mkubwa akasogea. Akainamisha kichwa, akasoma mstari wa keki taratibu, tarakimu moja moja, halafu akawasomea wenzake: elfu kumi na moja, mia moja kumi na sita. Ilikuwa kweli, 91111 ukiipindua ni 11116.

"Hiyo tunaiweza," akasema. "Nimeafiki."

Mikono ikainuka upande wote wa mlangoni.

Shangazi akaishika laptopu kuipindua upya. Mjomba akaishika upande wa pili.

"Fundi," akaniambia, bila kuiachilia, "usiguse kitu."