Ultrasaundi kwa vikundi: wa kushika probu na wa kusimama nyuma

Mwanafunzi wa utabibu anayeshika probu, kile kifaa cha mkononi kinachopitishwa juu ya ngozi, kwa mara ya kwanza haoni ini wala figo, anaona ukungu. Mwenzake aliyesimama nyuma ndiye humwambia, "Inamisha kidogo, hapohapo, usitoe mkono." Wanaotaka mafunzo ya ultrasaundi Mtwara na Lindi yaendeshwe kwa vikundi wanaanzia hapo, na hoja yao ni nzito. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linapendekeza mjamzito apimwe kwa ultrasaundi walau mara moja kabla ya wiki ya 24. Mikono inayohitajika ni mingi, na bingwa wa radiolojia hawezi kuwa hospitali ya Ligula, Mtwara, asubuhi na Liwale, Lindi, mchana.

Kikundi cha watatu hakimsubiri. Kinahitaji mashine, jeli na kitanda, kisha wanapimana wenyewe. Kinafaa hasa kwa kipimo cha dharura cha kutafuta damu kwa mtu aliyeanguka kwenye mnazi au bodaboda. Sehemu za kutazama ni nne: kati ya ini na figo ya kulia, kati ya bandama na figo ya kushoto, nyuma ya kibofu, na kuzunguka moyo. Swali ni moja tu, majimaji meusi yanayoweza kuwa damu yapo au hayapo.

Ila mwenzako mzima hana damu tumboni. Mnaweza kupimana miezi mitatu mkaujua uzima vizuri, na ugonjwa mkausikia tu.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni makubaliano. Mkulima wa korosho anajua: zikiingia za daraja la chini kwenye mzigo wa chama cha msingi, bei inashuka hata kwa aliyezianika vizuri. Kikundi kisicho na mkaguzi kinachanganya vivyo hivyo. Mwepesi wa kusema akitangaza kuwa ule weusi ni damu, wengine wanaitikia, kumbe ni utumbo wenye maji. Na mara nyingi huyo mwepesi ndiye anayeng'ang'ania probu. (Kila darasa linaye.)

Kutuma picha kwa bingwa kwenye kundi la WhatsApp kunasaidia nusu. Picha iliyoganda haionyeshi mkono ulipita wapi na uliruka wapi. Tena jina la mgonjwa huwa limeandikwa pembeni, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Mimi nipo upande wa vikundi, kwa masharti. Wasizidi watatu, probu ipokezanwe kwa saa, na kila mmoja awe na daftari lake la vipimo alivyofanya kwa mkono wake, vikiwamo vya wagonjwa wodini, vikilinganishwa na majibu ya mtaalamu. Mkufunzi asipoweza kufika, apigiwe simu ya video, kamera ielekezwe kwenye mkono kwanza, kioo cha mashine baadaye. Na siku ya mtihani waingie mmoja mmoja, maana huko zahanati atakakopangiwa, usiku wa zamu atakuwa peke yake.