Uzio wa Karura na Watoto Waliobaki Nje

Jumamosi asubuhi magari hupanga foleni kwenye lango la Msitu wa Karura, jijini Nairobi, upande wa Limuru Road. Familia hushuka na baiskeli, mbwa na vikapu vya chakula. Kilomita chache kutoka hapo, katika mtaa wa mabanda wa Mathare, watoto wa rika lile lile wanacheza kati ya mabati na mtaro wa maji machafu. Siku hizi wazazi wa Nairobi wanahimizwa sana kuwatoa watoto mbele ya simu na televisheni na kuwapeleka kwenye miti, udongo na ndege. Naunga mkono wito huo kwa moyo wote. Ila unatolewa kana kwamba kikwazo ni uvivu wa wazazi, ilhali katika jiji hili swali la kwanza ni nani anaweza kufika kwenye mti wenyewe, na kwa gharama gani.

Karura unafaa kulipima swali hilo, kwa kuwa pande zote mbili za hoja zina ukweli pale. Ulitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, na una zaidi ya hekta 1,000. Miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa kimyakimya wajenzi wa majumba. Mtetezi wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipokwenda kupanda miche tarehe 8 Januari 1999, walivamiwa na wahuni waliokodiwa, naye akajeruhiwa kichwani. Msitu haukugeuka mtaa wa kifahari. Hata hivyo, kwa miaka mingine kama kumi haukuwa mahali pa mtoto. Wakazi waliujua kwa majambazi, wakata miti na maiti zilizotupwa humo. Mzazi aliyemkataza mwanawe kuukaribia alikuwa na akili timamu.

Mabadiliko yalikuja baada ya Sheria ya Misitu ya 2005 kuiruhusu jamii kusimamia misitu pamoja na serikali. Chama cha Friends of Karura Forest kiliingia ubia na Huduma ya Misitu Kenya, KFS. Uzio wa umeme ukajengwa, wakaajiriwa askari wa doria, baadhi yao vijana wa kijiji cha Huruma kinachopakana na msitu, na ada ikaanza kutozwa langoni. Leo mwanamke anakimbia humo peke yake bila kugeuka nyuma kila hatua. Mtoto anafika kwenye maporomoko, anachungulia mapango waliyojifichamo wapiganaji wa Mau Mau, anaonyeshwa miti ya muhugu na mukinduri. Mbega wamerudishwa. Anayesema misitu iachwe wazi tu, bila uzio wala tiketi, anapaswa kwanza kueleza jinsi ambavyo angeyapata haya. Mimi sioni njia nyingine ambayo ingefaulu wakati ule.

Sasa upande wa pili. Kwa miaka mingi ada ya raia mtu mzima ilikuwa kama shilingi 100, na ya mtoto karibu nusu yake. Kwa anayekuja na gari hiyo haikuwa kitu. Mama anayefua nguo za watu Eastleigh kwa malipo ya siku, akiwa na watoto watatu, kwa viwango hivyo angetoa kama shilingi 250 langoni kabla hajahesabu nauli ya matatu ya kwenda na kurudi. Hiyo ni unga na mboga ya jioni. Hata akizipata, atatembea humo akijiona mgeni miongoni mwa wenye njumu za kukimbilia na mbwa wa kizungu. Hisia hiyo haiandikwi kwenye bango la ada, lakini inawarudisha watu nyumbani kama ada yenyewe. Mwaka 2025, KFS ilipoagiza malipo yapitie eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, ulizuka mvutano mkali juu ya nani ashike fedha na msitu utatunzwa kwa fedha zipi. Ulikuwa mjadala wa maana, kwani askari lazima walipwe. Lakini ulihusu fedha za wanaoingia. Wasioingia hawakuwa na msemaji.

Watetezi wa ada hujibu kwamba jiji lina sehemu za bure. Ni kweli, na tuziangalie. Uhuru Park, ambapo vizazi vya watoto wa Nairobi vilipanda mashua na kula aiskrimu siku ya Krismasi, ilifungwa mwaka 2021 kwa ukarabati uliochukua muda mrefu. City Park kule Parklands ina kima wanaochukua njugu mkononi mwa mtoto, lakini ardhi yake imemegwa mara kwa mara na wanyakuzi. Michuki Park, kando ya Mto Nairobi, ndiyo mfano unaonipa moyo. Palikuwa dampo na gereji za jua kali, leo pana kivuli, njia za kutembea na watoto wanaokimbia, na hakuna tiketi. Hata hivyo sehemu hizi hazitoshi kwa jiji la mamilioni, na mara nyingi ulinzi wake ni hafifu jioni inapoingia.

Je, kuna ushahidi kwamba haya yote yana maana kwa mtoto, au ni starehe ya wenye nafasi? Upo, na ninapousoma nauona ukielekeza mahali tofauti na lango la Karura. Nchini Denmark, watafiti walifuatilia zaidi ya watu 900,000, wakalinganisha picha za setilaiti za ukijani uliozunguka makazi yao ya utotoni na kumbukumbu za hospitali. Matokeo yaliyochapishwa 2019 yalionyesha kuwa waliokulia penye ukijani mdogo kabisa walikuwa na hatari kubwa zaidi, hadi asilimia 55, ya kupata matatizo ya akili baadaye. Denmark si Kenya, na uhusiano wa namna hiyo hauthibitishi chanzo. Lakini kilichopimwa ni miti iliyo karibu na nyumba, si matembezi ya mara moja kwa mwaka.

Huko Guangzhou, China, jaribio lililochapishwa 2015 lilihusisha shule 12 za msingi. Nusu ya shule ziliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, watoto waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30.4 katika shule hizo, dhidi ya 39.5 katika nyingine. Hapakuhitajika simba wala maporomoko. Mwanga wa mchana na uwanja vilitosha.

Na uwanja ndio tunaoupoteza. Mtaala wa umilisi unampa mtoto wa gredi ya kwanza hadi ya tatu somo la Shughuli za Mazingira, halafu shule nyingi za mitaa ya mabanda zimejengwa ghorofani au ukutani mwa nyumba za watu, bila hata mita chache za udongo. Mwalimu anafundisha sehemu za mmea kwa picha ya simu. Anayemlaumu mwalimu huyo hajaona darasa lake.

Safari za mbuga nazo zina watetezi wake, na sitaki kuzidharau. Klabu za wanyamapori za shule zetu, zilizoanzishwa na wanafunzi mwaka 1968, zimefikisha watoto wengi mahali ambapo wazazi wao hawakuwahi kufika. Mtoto aliyemwona kifaru katika Mbuga ya Nairobi, majengo ya jiji yakiwa nyuma yake, hamsahau. Lakini humwona kupitia dirisha la basi. Hagusi kitu, hachimbi, harudi kesho kuangalia kimebadilika nini. Mtoto anayemwagilia mpapai nyuma ya darasa na kugundua viwavi kwenye jani anapata kitu ambacho basi haliwezi kumpa: kurudi tena. Ikibidi kuchagua pa kuweka shilingi ya mwisho ya shule, ningeiweka kwenye mpapai.

Kuna pia wanaosema watoto wetu hawana haja ya mipango hii, kwa kuwa Desemba wanapelekwa ushago kwa nyanya, wanachunga mbuzi na kuteka maji mtoni. Hoja hii ina nguvu kuliko inavyopewa. Nyanya anajua mti upi ni dawa ya tumbo na ndege yupi hutangaza mvua, elimu isiyopatikana kwenye bango lolote la Karura. Ila si kila familia ina shamba la kurudi. Pia, kwa mtoto wa kijijini maumbile si mapumziko tu. Ni mzigo wa kuni kabla ya shule, mto wenye mamba, tembo shambani. Kumwambia huyo aende “akapendane na maumbile” ni kutomsikiliza.

Kwa hiyo nasimama hapa. Uzio wa Karura ubaki, na mtu mzima aendelee kulipa. Mtoto wa shule ya umma, au ya mtaa wa mabanda, aingie bure siku za wiki pamoja na mwalimu wake, wakati njia za msitu zina nafasi tele, na wageni wa kigeni ambao tayari hutozwa zaidi wabebe pengo hilo. Kaunti nayo isipitishe ramani ya shule mpya isiyo na kivuli na kipande cha ardhi tupu. Pingamizi kubwa ninaloliona kwa pendekezo la kwanza ni la usafiri, maana kiingilio cha bure hakimtoi mtoto Mathare, na darasa la watoto 60 haliwezi kuvuka barabara zile kwa miguu bila watu wazima wa kutosha. Hapo ndipo vijana wa doria wa Huruma wangefaa, wakilipwa siku mbili kwa wiki kuwafuata watoto shuleni kwao na kuwaongoza hadi langoni.