Baba Tajiri na Utubora: vitabu viwili vinavyokuambia mshahara usikufunge

Kwa wauza vitabu wa barabarani Posta, Dar es Salaam, na kwenye yale maduka ya Nairobi yanayoitwa "inama" kwa sababu mteja huinama kuchagua, vitabu vya mafanikio ndivyo vinavyotandikwa mbele. Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki, kilichotoka mwaka 1997, hakikosi. Pembeni yake kuna Think and Grow Rich cha Napoleon Hill cha mwaka 1937 na The Richest Man in Babylon cha George Clason cha mwaka 1926. Riwaya za Kiswahili, zikiwepo, ziko upande wa vitabu vya shule, na mnunuzi wake mara nyingi ni mzazi aliyepewa orodha na mwalimu.

Ubishi unaotokana na hali hiyo si mgeni. Kuna wanaosema vitabu hivi vimewafungua macho kuhusu fedha kuliko miaka yote waliyokaa darasani. Wengine wanajibu kwamba hizo ni hadithi za Wamarekani waliotajirika kwa kuuza vitabu vya kutajirika, na kwamba mtazamo wa maisha hujengwa na fasihi. Tukitaka kuupima ubishi huu vizuri, tumweke Kiyosaki kando ya Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, maana vitabu hivi viwili, vilivyoandikwa mbali mbali kabisa, vinamwambia msomaji neno moja: mshahara usikufunge.

Kwa Kiyosaki, baba maskini ni msomi mwenye cheo huko Hawaii anayemwambia mwanawe asome apate kazi nzuri. Baba tajiri ni baba wa rafiki yake, mfanyabiashara anayemfundisha kufanya fedha zimfanyie kazi. Kwa Shaaban Robert, Utubora ni karani mwenye kipato cha uhakika. Anaacha kazi, mwajiri anamshawishi abaki, naye anakwenda kulima Busutamu. Mmoja anaacha mshahara ili apate zaidi. Mwingine anaacha kwa sababu alichonacho kimemtosha, na anataka kazi ambayo mtu anaiona faida yake kwa macho.

Vyote viwili vilipata bahati ya kutua kwenye udongo uliokwisha kulimwa. Utubora Mkulima kilichapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki na mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha. Nchi nzima ilikuwa inaambiwa kilimo ndicho uti wa mgongo, na karani anayeshika jembe alikuwa shujaa aliyekuja kwa wakati wake. Kiyosaki naye aliwafikia wasomaji wa Tanzania wakati mashirika ya umma yakibinafsishwa na watu wakipunguzwa kazini, pale ahadi ya "soma upate kazi" ilipokuwa imeanza kuwaaibisha wazazi walioitoa. Kwa hiyo mtu anaposema kitabu fulani kilimbadilisha, tuulize pia alikisoma mwaka gani na akiwa katika hali gani. Kitabu hupewa sifa ambazo nusu yake ni za wakati.

Sasa tuangalie kilichomo. Sehemu yenye nguvu ya Kiyosaki si ile michapo ya utotoni, ni michoro. Kuna visanduku vinne: mapato, matumizi, mali na madeni, halafu mishale inayoonyesha fedha zinatoka wapi na kwenda wapi. Chukua karatasi, jaza visanduku hivyo kwa shilingi za mwezi uliopita, na utaona jambo ambalo wengi hawajawahi kuliona: mshahara unaingia kwenye mapato na kutokea kwenye matumizi bila kugusa kisanduku cha mali hata mara moja. Zoezi ni la dakika 30. Clason ana zoezi fupi zaidi, kutenga sehemu ya kumi ya kila kinachoingia kabla ya kulipa mtu mwingine yeyote. Mwenye kupata shilingi 400,000 anatenga 40,000 siku ya mshahara, si tarehe 28 baada ya kuona kilichobaki, kwa sababu tarehe 28 hakibaki kitu. Anayeyadharau mazoezi haya kwa kuwa yametoka Marekani anajipunja.

Kasoro inaanza pale hesabu zinapobebwa pamoja na mazingira yake. Kiyosaki anasema nyumba unayoishi ni mzigo, si mali. Kwao kauli hiyo ina mantiki: nyumba inanunuliwa kwa mkopo wa benki wa hadi miaka 30, na kila mwezi kuna marejesho, kodi ya jengo na bima. Dar es Salaam wengi hujenga kwa fedha taslimu, kwa awamu: kiwanja, tofali, msingi, boma, kupaua, halafu mtu anahamia kabla ya plasta. Hakuna marejesho ya kila mwezi. Kinyume chake, mpangaji wa nyumba ya shilingi 150,000 anadaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, 900,000, na baada ya miezi sita tena. Akihamia kwake, shilingi 1,800,000 kwa mwaka zinabaki mfukoni, na akijenga vyumba viwili vya uani na kuvipangisha, nyumba hiyo hiyo inaingiza fedha. Anayekariri kwamba nyumba ni mzigo na kuendelea kupanga miaka 15 amefuata hesabu ya mji mwingine.

Hata hivyo Kiyosaki hajakosea yote. Mzigo wa kweli kwetu ni boma. Tuseme mtu ameweka shilingi milioni 12 kwenye kuta zisizo na paa, zikakaa miaka mitatu. Hazimwondolei kodi wala hazimwingizii kitu. Fedha hizo zikikaa kwenye hati fungani ya Serikali, ambayo mtu wa kawaida anaweza kuanza nayo kwa shilingi milioni 1, kwa riba ya mfano ya asilimia 12 zingezaa 1,440,000 kila mwaka. Mwenye boma naye ana hoja: bei ya saruji na mabati haimsubiri, na fedha iliyo kwenye simu hujulikana na ndugu wote, ilhali tofali halikopeki. Hoja hiyo ina uzito kuliko wachambuzi wengi wa fedha wanavyokubali.

Kwenye mikopo ndipo watu wanapoumia zaidi. Kitabu kinasifu deni la kununulia kitu kinachoingiza fedha. Mfano wake unasimama juu ya riba ndogo na muda mrefu. Ukiuleta kwenye mikopo ya kausha damu, ile ya muda mfupi yenye riba kubwa, unavunjika. Kopa shilingi 1,000,000 kwa asilimia 10 kwa mwezi, miezi sita, riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote: utarejesha 1,600,000, karibu 267,000 kila mwezi kuanzia mwezi wa kwanza, kabla mzigo wa dukani haujazunguka. Biashara gani ndogo inabeba hiyo? Chache sana, na nyingi kati ya hizo hazihitaji kukopa.

Halafu kuna suala la ushahidi. Vitabu vya aina hii huhoji waliofika tu. Hill anaeleza kwamba tajiri wa chuma Andrew Carnegie ndiye aliyemtuma kuchunguza siri za matajiri. David Nasaw, aliyeandika wasifu wa Carnegie, hakupata ushahidi kwamba wawili hao waliwahi kukutana. Kuhusu baba tajiri wa Kiyosaki, kwa miaka mingi watu walibishana kama alikuwa mtu halisi. Na mwaka 2012 kampuni yake moja, Rich Global, iliomba kufilisika baada ya mahakama kuiamuru ilipe karibu dola milioni 24 kwa kampuni iliyokuwa ikimwandalia semina. Kampuni ilifilisika, si yeye. Kwa mtazamo fulani hilo ni somo la kitabu chenyewe kuhusu kutenganisha mali yako na kampuni, ingawa sidhani kama ndilo somo wasomaji walilolilipia.

Je, fasihi inatoka salama? Si kabisa. Utubora hatuambiwi gunia ngapi kwa ekari, wala bei ya soko ilipoanguka alifanyaje. Msomaji anayeacha kazi kwa kuvutiwa naye atakutana na yaliyowakuta walima matikiti: wote wanavuna wiki moja, gari la mnunuzi linapanga bei, na hesabu iliyopendeza kwenye karatasi inaishia shambani. Riwaya inampa mtu sababu ya kutaka maisha fulani. Haimpi bajeti yake.

Inachofanya vizuri ni kingine. Katika Kusadikika, kitabu kingine cha Shaaban Robert cha mwaka 1951, Karama anashtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria. Hajitetei kwa kelele. Anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kutafuta mema kwa ajili ya nchi yao, mmoja baada ya mwingine, na malipo yao yakawa kifungo. Mpaka anamaliza, washitaki ndio wanaoonekana wana kesi ya kujibu. Aliyesoma hivyo kwa utulivu amejifunza namna ya kupanga hoja mbele ya wakubwa wenye hasira, na hilo hakuna kitabu cha mafanikio kinacholifundisha vizuri hivyo. Bahati mbaya, shuleni kitabu hukatwa vipande: dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, matumizi ya lugha. Mwanafunzi anakariri uhakiki wa kijitabu cha mtu mwingine, anajibu mtihani, na Karama anabaki kwenye rafu.

Pande zote mbili za ubishi husahau maandishi ambayo huenda yalibadilisha maisha ya Watanzania wengi kuliko haya yote, na hakuna anayeyataja akiulizwa kitabu kilichomgusa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi kwa wiki 12. Utaratibu ulikuwa rahisi: kikundi kinasikiliza kipindi cha redio, kinasoma sehemu ya kijitabu inayohusu malaria, minyoo au kichocho, kinajadili, kisha kinaamua kazi ya kufanya. Wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka karibu na nyumba. Nguvu ya chama na Serikali ilikuwa nyuma yao, na hilo lazima lisemwe. Lakini tofauti na msomaji wa peke yake anayepigia mistari kitabu cha Kiyosaki kitandani, hawa walikuwa na siku ya kukutana tena na mtu wa kuwauliza choo kimefikia wapi.

Leo vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, VICOBA vya Tanzania na vyama vya Kenya, vinakutana mara kwa mara na daftari la hesabu liko mezani. Huko ndiko vitabu vya fedha vinakostahili kusomwa: sura moja kwa mkutano, visanduku vinne vijazwe, na wa kwanza kuzungumza awe yule aliyejaribu ushauri huo ukamshinda, maana ndiye ambaye kitabu hakikumhoji. Kikwazo kinajulikana. Watu hawataki kutaja mapato yao mbele ya majirani, na wakilazimishwa hudanganya. Basi kila mtu ajaze shilingi zake nyumbani na kuleta kikundini asilimia tu: kati ya kila 100 inayoingia, ngapi huenda kwenye chakula, kodi, marejesho, ndugu, na ngapi hufika kwenye kisanduku cha mali.