Kujisemea Juu ya Pikipiki: Ulimi Ukikwama, Punguza Mwendo

Ndani ya helmeti hakuna anayekusikia. Labda ndiyo maana waendesha pikipiki wanaojisemea hawaoni haya, na wasiojisemea huwaona wenzao kama watu wenye lao jambo. Zoezi lenyewe halina siri: unaendesha huku ukitaja kwa sauti unachokiona, unachokishuku, na unachofanya kwa sababu hiyo. “Lori limesimama, taa za hatari zinawaka, mtu anaweza kuchomoza mbele yake, nakaa mbali nalo, vidole viwili kwenye breki.” Polisi wa Uingereza wamekuwa wakiwafundisha madereva wao hivyo kwa miongo mingi, na raia wanaotaka kuendesha kwa ujuzi zaidi wakaliiga.

Wanaolipinga wana hoja, tena si za kupuuzwa. Ya kwanza anaijua kila mtu: kichwa ni kimoja. Mwaka 2001 David Strayer na William Johnston wa Marekani walionyesha kwamba watu wanaoongea na simu huku wakifanya zoezi la kuendesha walipitwa na ishara za taa zaidi ya mara mbili ya walipokuwa kimya, na haikusaidia kitu kwamba simu haikushikwa mkononi. Ya pili ndiyo nzito. Mwaka 2014 watafiti wa Nottingham, Uingereza, Angela Young, Peter Chapman na David Crundall, waliwaonyesha watu video za barabarani na kuwataka wabonyeze kitufe mara waonapo hatari. Waliokuwa wakitoa maelezo kwa mdomo walibonyeza wakiwa wamechelewa kuliko waliotazama kimya. Yaani kile kile kinachosifiwa kukuamsha kilikuwa kinawachelewesha.

Hoja ya simu nadhani imebisha mlango usio wake. Mazungumzo ya simu yanakuhamisha: mwili uko kwenye kona, akili iko sebuleni kwa mwenzako, tena unadaiwa jibu sasa hivi. Anayejisemea hadaiwi na mtu. Akitaka kunyamaza katikati ya neno ananyamaza, na kila neno alilotamka lilianzia kwenye kitu kilichokuwa mbele ya macho yake.

Ile ya 2014 haiondoki kirahisi hivyo, wala sitaki kuifukuza. Ila miaka minne kabla, mwaka 2010, Crundall huyo huyo na wenzake walikuwa wamewafundisha madereva wanafunzi kutoa maelezo, kisha wakawapima kwenye mashine ya kuigiza uendeshaji pamoja na wengine wasiofundishwa. Waliofundishwa walipata ajali chache zaidi, walipunguza mwendo mapema na kukanyaga breki mapema. Ukiziweka tafiti hizi mbili bega kwa bega hazipigani. Moja inasema kusema kunakugharimu wakati unaposema. Nyingine inasema kinachobaki baada ya kusema kina faida. Mpiga gitaa anayehesabu midundo kwa sauti hupiga vibaya siku anayohesabu, na hakuna anayemwambia aache kuhesabu. Waliolichukua zoezi kama mtindo wa kuendesha kila siku, kutoka nyumbani hadi kazini, ndio waliowapa wapinzani silaha.

Sasa kuna takwimu moja ambayo siwezi kuiacha. Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa California walifika wenyewe kwenye ajali za pikipiki takriban 900 eneo la Los Angeles, na ripoti yao ikatoka mwaka 1981. Kwa kawaida, tangu jambo linaloleta ajali lianze hadi kugongana, mwendeshaji alikuwa na muda usiofika sekunde 2. Mwendo wa kati kabla ya hatari ulikuwa kama kilomita 48 kwa saa, si wa wendawazimu. Kwa mwendo huo sekunde 2 ni kama mita 27. Jaribu kutamka kwa sauti: “Gari dogo kwenye makutano, dereva hajanitazama.” Kabla hujafika “hajanitazama” umeshaligonga.

Mtu anaweza kusema basi, kumbe wapinzani wameshinda, maneno hayatoshi ndani ya sekunde 2. Mimi naona kinyume. Hesabu hiyo inakulazimisha uzungumzie kilicho nje ya zile sekunde 2, kabla hazijaanza kuhesabiwa. Anayetaja “gari jekundu, mti, bango” anatangaza mpira wa redio. Anayejua kazi husema: “Gari limeegeshwa, moshi unatoka kwenye ekzosi, tairi la mbele limegeuka kidogo.” Tairi, si uso wa dereva, maana dereva anaweza kukukazia macho na bado akaingia barabarani, tairi likianza kuzunguka halikudanganyi. Nilikuwa nikilijua hilo miaka mingi bila kulifanya. Nililifanya siku nilipolazimika kulitaja.

Na kuna faida ambayo sijasikia ikitajwa sana. Mara ya kwanza nilijiona hodari kwa dakika kumi hivi. Kisha nikaingia mtaa wenye magari yameegeshwa pande zote mbili, nikawa bado nasema “gari jeupe, mlango…” wakati nimeshayapita magari mengine mawili bila kuyataja. Nikadhani tatizo ni ulimi wangu mzito. Nikalegeza mafuta, mshale ukashuka kutoka 60 hadi 45, na maneno yakanifikia, moja kwa kila gari. Spidomita haikuwa imeniambia kwamba naendesha kupita uwezo wa macho yangu. Wapinzani wanaposema kuongea kunachelewesha, mimi najiuliza kama wakati mwingine hakuonyeshi tu uchelewaji uliokuwepo tangu zamani, ambao ukimya ulikuwa unaufunika.

Kusema pia hushikilia kitu kichwani. Mwaka 2019 watafiti wa Nottingham, Chapman akiwa miongoni mwao, walichapisha utafiti wa madereva wa gari waliofika makutanoni ndani ya mashine ya kuigiza. Baadhi walilenga macho pikipiki inayokuja, wakageuka kutazama upande wa pili, na sekunde chache baadaye hawakukumbuka kama ilikuwepo. Waliiona, ikafutika. Dawa waliyopendekeza ni ya kizamani: ukiona pikipiki, itaje kwa sauti. Nasi tulio juu ya pikipiki tuna ugonjwa huo huo kwenye vioo vya pembeni. Gari uliloliona kiooni sekunde 5 zilizopita bado lipo, limehamia tu pale kioo kisipofika, na neno “gari nyuma” ulilolitamka ndilo linalolishika hapo.

Kasoro nyingine ni ndogo na za kweli. Siku ya baridi pumzi za maneno hujaza kioo cha helmeti ukungu. Na mambo yakichacha kweli, mkono na macho vipewe nafasi, mdomo ufungwe. Mimi nafanya dakika kumi au kumi na tano, kisha nanyamaza, narudi baadaye kidogo kuona kama macho bado yanafanya kazi bila kusimamiwa.

Ila zoezi lote liko kwangu, na katika ajali za Hurt zilizohusisha chombo kingine, karibu theluthi mbili zilitokana na dereva wa upande wa pili kuingilia njia ya pikipiki. Naweza kujisemea hadi sauti ikauke. Neno ambalo lingenifaa zaidi pale makutanoni lina silabi nne tu, na anayepaswa kulitamka ameketi nyuma ya usukani.