Mfunguo Sita au Rabiul Awwal: hesabu ya miezi ya pwani iachwe au ibaki?

Waislamu wa pwani ya Afrika Mashariki waliipa namba miezi tisa inayofuata Ramadhani. Shawwal ni Mfunguo Mosi, Dhulkaada ni Mfunguo Pili, Dhulhija ni Mfunguo Tatu, na hivyo hivyo hadi Jumadal Akhira, ambao ni Mfunguo Tisa. Kisha huja Rajabu, Shaabani na Ramadhani yenyewe, na hesabu huanza upya. Wazee wa Unguja, Pemba, Mombasa na Lamu bado huitumia, lakini vijana wengi wanaujua Mfunguo Sita peke yake, kwa kuwa ndio mwezi wa Maulidi. Wapo wanaosema hesabu hii imekwisha kazi yake, na kwamba majina ya Kiarabu yanatosha. Hoja zao si nyepesi.

Iliyo nzito kuliko zote inahusu mwaka. Mwaka wa Hijria huanza Muharram, na Muharram kwa hesabu ya pwani ni Mfunguo Nne. Maana yake ni kwamba Mfunguo Tatu wa mwaka 1445 ulifuatwa na Mfunguo Nne wa mwaka 1446: namba ya mwezi inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, ilhali mwaka umebadilika. Mtu anayeandika tarehe ya deni au ya wasia, au anayehesabu mwaka wa mali yake ili aitolee zaka, anaweza kukosea mwaka mzima kwa sababu hakuna chochote katika jina la mwezi kinachomzindua. Tena vitabu vya fikihi na hadithi huzungumzia miezi kwa majina yake: miezi ya Hija, miezi minne mitukufu, saumu ya Ashura ya tarehe 10 Muharram. Mwanafunzi aliyelelewa kwa mifunguo pekee atayasoma haya bila kujua kwamba anasomeshwa habari za Mfunguo Nne anaoujua tangu utotoni.

Kuna pia mkanganyiko wa matamshi. Wengi husema na kuandika Mfungo Sita, na kwa kuwa mfungo ni saumu yenyewe, msikilizaji asiye wa pwani hudhani panatajwa kipindi cha kufunga, wakati hesabu inaanzia pale watu walipofungua.

Hoja nisiyoikubali ni ile inayodai kwamba kuhesabu miezi hivi ni kwenda kinyume na dini. Tuzitazame siku za juma. Waswahili walianza kuhesabu siku inayofuata Ijumaa, siku ya swala kuu: Jumamosi, Jumapili, hadi Jumatano, kisha wakaacha Alhamisi na Ijumaa kwa majina ya Kiarabu. Miezi imepangwa kwa utaratibu ule ule: namba zinaanza baada ya mwezi mtukufu, na miezi mitatu ya mwisho, inayoukaribia na kuufikia, inabaki na majina yake ya Kiarabu. Hakuna anayetaka Jumamosi ifutwe kwa sababu hiyo, na sioni kwa nini Mfunguo Mosi uhukumiwe tofauti. Jamii iliyoweka hesabu yake ya siku na ya miezi juu ya ibada haiwezi kuambiwa iliipuuza ibada.

Isitoshe, namba hizi zina kazi ambayo majina hayaifanyi. Mjane aliyefiwa na mumewe tarehe 3 Mfunguo Pili, naye hana mimba, hukaa eda miezi minne na siku kumi. Anajumlisha nne, anafika tarehe 3 Mfunguo Sita, anaongeza siku kumi, na eda yake inafika tarehe 13, iwe miezi ya katikati ilikuwa na siku 29 au 30. Mwanamke anayedaiwa siku za Ramadhani iliyopita, akisikia Mfunguo Saba umeandama, anajua pale pale kwamba baada ya mwezi huo imebaki miezi minne tu kabla ya Ramadhani nyingine. Ni kweli kwamba hesabu hii hukatika baada ya Mfunguo Tisa, lakini miezi mitatu iliyobaki hakuna asiyeijua.

Watetezi wake nao wasiitwishe mzigo usio wake. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, hivyo mifunguo hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka wa jua, na huchukua takribani miaka 33 kuzunguka majira yote. Mkulima na nahodha hawakuweza kuitegemea kwa mvua wala kwa kaskazi na kusi, na ndiyo sababu pwani ilikuwa na hesabu nyingine ya jua, ya miongo ya siku kumi kumi kuanzia Nairuzi, siku ya mwaka mpya wa jua, ambayo Makunduchi huiadhimisha hadi leo kwa Mwaka Kogwa.

Kwa maoni yangu, hati yoyote yenye mwaka wa Hijria iandikwe jina la Kiarabu, kwa kuwa hapo hatari ya kukosea ni ya kweli. Kwa matumizi ya nyumbani na ya msikitini mfunguo ubaki, uandikwe kwa u yake, na kalenda zinazochapishwa kwa ajili ya Waislamu wa Afrika Mashariki ziweke majina yote mawili katika ukurasa mmoja: Rabiul Awwal juu, Mfunguo Sita chini yake. Madrasa nazo zinaweza kuyafundisha pamoja, kwani mtoto anayeweza kukariri miezi kumi na miwili kwa Kiarabu hashindwi kuongeza namba tisa anazozijua tayari.